Gari Lisilosikia Usukani

Sakafu ya chumba cha kufulia cha hospitali haikauki. Tangu mashine zinapoanza kunguruma asubuhi mpaka shuka la mwisho linapokunjwa, saruji ile hubaki na utando mwembamba wa maji ya sabuni, na kila mfanyakazi mgeni ataanguka tu, apende asipende. Wenyeji hawamcheki akiwa chini. Humngoja ainuke, ajipapase, ahakikishe hajavunjika, ndipo wamcheke.

Mwanamke waliyemwita Dobi alikuwa ameitembea sakafu hiyo zaidi ya nusu ya umri wake. Alikuwa mnene kidogo, mpole wa sauti, na alitembea kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani hata akiwa hana kitu. Wageni walipomuuliza anafanyaje asianguke, aliwapa jibu lilelile: "Hatua fupi, unyayo wote chini. Mguu ukishateleza hauna tena habari na wewe. Utake kushoto, utake kulia, utakupeleka kulekule ulikokuwa unakwenda."

Alilisema neno hilo miaka nenda, miaka rudi. Lilikuwa mdomoni mwake kila siku, na swali lililomla moyo lilikuwa kifuani mwake kila siku, na kutoka mdomoni hadi kifuani ni shubiri moja tu. Lakini viwili hivyo havikuwahi kukutana.

Swali lenyewe lilimhusu marehemu mumewe.

Mumewe alikuwa dereva wa gari la mikate. Aliondoka alfajiri, akarudi wakati watu wanakunywa chai, nguo zikinukia hamira. Chini ya mteremko wa mtaa wao, penye kona, palikuwa na kibanda cha fundi viatu, na wanaume hao wawili walikuwa chanda na pete. Kila asubuhi gari la mikate lilipunguza mwendo pale, mkate ukarushwa kupitia dirishani, na fundi akaudaka bila kuondoa macho kwenye kiatu. Kwa upande wake, fundi hakuwahi kupokea chochote kwa kiatu cha nyumba ile. "Mimi namtunzia miguu, yeye ananitunzia tumbo," alikuwa akisema. "Siku tukigombana, mmoja atalala njaa na mwingine atatembea peku."

Asubuhi moja ikanyesha. Haikuwa mvua ya kusimulia. Manyunyu tu, ya kwanza baada ya kiangazi kirefu, yale yanayolowesha vumbi na mafuta ya magari barabarani bila kuyaosha. Gari la mikate likashuka mteremko limejaa shehena. Pale chini barabara inakata kulia. Ukiikosa kona, mbele yako ni kibanda cha fundi, na kulia kwako ni kiwanja cha nyasi, kipana, ambacho asubuhi ile hakikuwa na hata kuku. Gari halikukata kona. Lilikwenda mbele limenyooka kama mstari wa rula, likabomoa kibanda, na fundi viatu akapoteza mguu wa kushoto chini ya goti.

Dereva alitoka na michubuko. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kumfikia fundi, akavua shati lake akamfunga mguu, na watu walipokusanyika na kumuuliza imekuwaje, alisema, "Nilikata usukani. Niliukata wote. Gari halikunisikia."

Maneno hayo ndiyo yaliyomzika kabla hajafa. Mafundi wa magari walilikagua gari wakaukuta usukani mzima kama yai. Breki nzima. Matairi mapya. "Kama usukani ulikuwa mzima na wewe ulikata, gari lilikwendaje mbele?" aliulizwa, naye akarudia yaleyale. Barabarani palikuwa na alama mbili za matairi zilizonyooka, na watu walikwenda kuzitazama kama wanavyotazama nyayo za mwizi. Wengine walisema alisinzia. Wengine walisema alizubaa. Ila lililoshika ni lile lililotoka kwa fundi mwenyewe, kitandani hospitalini: kwamba rafiki yake aliona kiwanja, akamwona na yeye, akaogopa kulipindua gari la tajiri wake, akachagua. "Kiwanja kizima kilikuwa kitupu," fundi alisema. "Akakiacha kiwanja, akanifuata mimi."

Kiwanda cha mikate kikamwachisha kazi. Akapata kibarua cha kulinda ghala, kazi ya kukaa. Dobi alimtetea mtaani kwa ulimi mkali ambao watu hawakujua kama anao. Lakini jioni moja wakiwa mezani, watoto wameshainuka, alimuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeulizia chumvi: "Lakini kweli, baba watoto, ulikata?"

Mumewe aliweka kijiko chini. Hakukasirika. Alimtazama tu kama mtu anayetazama mlango wa mwisho ukifungwa, na tangu jioni ile hakulisema tena neno lile, kwa mkewe wala kwa mwingine. Baadaye kifua kikaja kikamchukua polepole. Dobi akabaki na swali lake, na nyumba yake ikawa inapeleka viatu kushonwa ng'ambo ya mji.

Miaka ilipopita, binti yake mkubwa akahamishiwa kazi mbali, akamwachia mama yake gari lake dogo.

"Mama, gari likikaa bure linaharibika. Jifunze kuendesha."

"Na umri huu?"

"Barabara haiulizi umri, inauliza leseni."

"Mpe kaka yako."

"Kaka atalifanya banda la kuku, na kuku wenyewe hatawanunua."

Dobi alicheka, na kwa kuwa alicheka, akawa amekubali.

Mwalimu wake wa udereva aliitwa Taratibu, kwa sababu neno hilo ndilo lililokuwa salamu yake, karipio lake na sifa yake. Ukikosea alisema taratibu. Ukipatia alisema taratibu, ila ya pili aliivuta kidogo. Alifundisha wawili wawili kwa gari la shule yake, mmoja kwenye usukani na mwingine kiti cha nyuma, ajifunze kwa makosa ya mwenzake. Mwenzake Dobi alikuwa msusi, mwanamke kijana aliyeendesha gari kama anavyosuka: mikono inakwenda mbio na macho yakiwa kwenye runinga.

Taratibu alikuwa na desturi yake moja ambayo walimu wenzake waliiona ni wazimu. Kabla hajampeleka mwanafunzi kwenye mtihani, alimpeleka kwanza kwenye uwanja wa saruji nyuma ya maghala yaliyohamwa, akaunyunyizia maji kwa mpira, akamwaga sabuni, na kuweka pipa tupu la plastiki katikati.

"Wengine wanafundisha breki kwa mdomo," alisema siku ya Dobi, akitawanya unga wa sabuni kama anayelisha kuku. "Mdomo husahau. Mimi nataka mguu wako ndio ujue."

"Ungeniambia ningekuja na ndoo za kazini," Dobi alisema. "Sabuni yako hii haina povu."

"Taratibu, mama. Hatufui."

Kisha akainama chini ya dashibodi, akafungua kisanduku cha fyuzi, akachomoa fyuzi moja kwa koleo dogo na kuitia mfuko wa shati. Alipowasha gari, taa ya njano ikawaka mbele ya usukani na haikuzimika.

"Hiyo taa inalia nini?" Msusi aliuliza kutoka nyuma.

"Inalia kwamba kuna mtu nimemfumba macho. Nitamfumbua baadaye." Akamgeukia Dobi. "Njoo na mwendo wa kawaida. Ukifika kwenye ule mstari, kanyaga breki kwa nguvu zako zote na ukate kulia, umkwepe bwana pipa. Usiachie breki hata iweje. Na usiogope, hana mke wala watoto."

Dobi akaja. Akafika kwenye mstari, akakanyaga, akakata. Usukani ulizunguka mwepesi mikononi mwake mpaka ukafika mwisho na kugoma. Gari lilikwenda mbele. Hakuna kelele, hakuna kuyumba. Liliteleza kimya kama sahani juu ya meza yenye maji, limenyooka, likamfuata pipa na kumgonga katikati ya tumbo. Pipa likabingirika mpaka ukutani.

"Marehemu alikuwa mtu wa watu," Msusi alisema.

Dobi hakucheka. Alifungua mlango, akashuka kwenye sabuni kwa hatua zake fupi, akaenda mbele ya gari. Magurudumu ya mbele yalikuwa yamegeukia kulia, yamegeuka mpaka mwisho, kama macho ya mtu anayetazama pale anapotaka kwenda huku akiburutwa kwingine. Akatazama nyuma ya gari. Kwenye povu palikuwa na mistari miwili iliyonyooka. Akatazama magurudumu. Akatazama mistari.

"Mwalimu, nilikata."

"Ulikata."

"Niliukata wote."

"Nimeona, mama."

"Mbona halikunisikia?"

Taratibu alikuwa ameulizwa swali hilo na wengi, lakini si kwa sauti ile. Akashuka, akachuchumaa kando ya tairi.

"Tairi linasikia usukani likiwa linazunguka," alisema. "Linaishika barabara, linaiachia, linaishika tena mbele kidogo. Kama wewe unavyotembea. Sasa ukikanyaga breki kwa nguvu mahali penye utelezi, tairi linasimama kabisa lakini gari bado linakwenda. Hapo halitembei tena, linaburutwa. Na kitu kinachoburutwa hakina kulia wala kushoto. Unaweza kukigeuza utakavyo, kitakwenda kule mzigo unakokwenda."

Dobi alisimama palepale, maji ya sabuni yakipenya kwenye viatu vyake. Mguu ukishateleza hauna tena habari na wewe. Alikuwa amelisema mwenyewe. Alikuwa amewaambia wasichana wote waliowahi kuingia chumba kile cha kufulia, na hakuwahi kumwambia yule mmoja aliyelihitaji.

"Sasa dereva afanyeje?" aliuliza.

"Kwa magari ya zamani? Aachie breki kidogo, tairi lizunguke, likubali kukata. Kisha akanyage tena. Aachie tena."

"Aachie breki, na mtu yuko mbele yake?"

Taratibu alifikiri kabla ya kujibu. "Hapo ndipo penyewe. Nimefundisha watu wengi, sijaona mguu wa binadamu unaoachia breki wakati macho yanamwona mtu. Kadiri unavyomwogopea, ndivyo unavyokanyaga. Na kadiri unavyokanyaga, ndivyo unavyomfuata."

Msusi alikuwa ametoa kichwa dirishani kusema jambo. Aliuona uso wa Dobi, akakirudisha ndani.

Mwalimu akairudisha fyuzi mahali pake. Pipa likarudishwa katikati, likamwagiwa maji kwa heshima. Taa ya njano iliwaka, ikajikagua, ikazimika. "Sasa fanya vilevile," Taratibu alisema. "Vilevile kabisa. Utasikia pedali inatetemeka, inakusukuma mguu. Wengi hushtuka wakaachia, wakidhani kimevunjika kitu. Hakijavunjika kitu. Kanyaga tu, na ukate."

Akaja. Akafika kwenye mstari, akakanyaga, akakata.

Pedali ikawa hai. Ilitetemeka chini ya unyayo wake, ikamsukuma, ikamvuta, na kutoka mbele ya gari ukasikika mkwaruzo wa harakaharaka, gru-gru-gru, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema neno zito. Na gari likakata kulia. Kwenye sabuni ileile, kwa mguu uleule uliokanyaga bila huruma, pua ya gari ilimpisha pipa taratibu, kama mtu mstaarabu anavyompisha mwenzake mlangoni, ikasimama kando yake. Pipa hata halikutikisika.

Msusi aligeuka akampungia pipa mkono.

"Nionyeshe," Dobi alisema. "Kiko wapi?"

Taratibu alimwonyesha kilichoweza kuonekana. Nyuma ya kila gurudumu, alisema, kuna pete ya chuma yenye meno, na karibu na meno hayo kuna kihisi kidogo kama kidole cha mtoto, ambacho kazi yake ni moja tu: kuyahesabu meno yanavyopita. Gurudumu likizunguka, meno yanapita. Gurudumu moja likianza kusimama kabla ya wenzake, meno yake yanachelewa, na kompyuta iliyokaa kule mbele, ile aliyoifumba macho kwa kuchomoa fyuzi, inajua papo hapo. Inafungua vali, inalipunguzia gurudumu lile nguvu ya breki, lile tu, mpaka lizunguke tena. Kisha inalibana tena. Inaachia tena. Pampu inarudisha mafuta ya breki yaliyoachiwa, na hicho ndicho kishindo unachokisikia mguuni.

"Mara ngapi?" Dobi aliuliza.

"Zaidi ya mara kumi kabla hujamaliza kusema moja."

"Na kila gurudumu peke yake?"

"Kila gurudumu na mlinzi wake. Hata ungekuwa na miguu minne, mama, usingeweza. Na zingatia: hakikuzuii kukanyaga. Wewe kanyaga kwa hofu yako yote. Chenyewe kinaachia kwa niaba yako."

Dobi alirudia mpaka sabuni ikaisha. Kila mara alilingoja lile tetemeko na kila mara lilikuja, na kila mara alishangaa upya. Si chuma kilichomshangaza. Chuma alikizoea, mashine zake za kufulia zilikuwa na akili zao na vichaa vyao. Kilichomshangaza ni kwamba mahali fulani, mtu asiyemjua alikuwa ameketi akamfikiria binadamu aliyeshikwa na hofu. Hakumlaumu. Hakusema, mfundisheni awe jasiri. Alikubali kwamba mguu wake hautaachia kamwe, kwamba utakanyaga kwa kuwa unapenda kuokoa, na kwamba kukanyaga huko ndiko kutakakomwangamiza anayeokolewa. Basi akatengeneza kitu kinachojua kuachia pale ambapo moyo hauwezi. Dobi alijua sala chache zilizofikiriwa kwa upole kiasi kile.

"Gari la mikate la zamani," aliuliza wakiwa wanafunga mlango, "lile la bodi ya mraba. Lilikuwa nacho?"

"Lile? Lile lilikuwa na mguu wa dereva, basi."

Siku iliyofuata alitoka kazini akaenda moja kwa moja kwenye kona. Kibanda cha fundi viatu kilikuwa kimejengwa upya kwa matofali, na mbele yake paliwekwa jiwe kubwa ambalo hata lori lingesita kuligusa. Wanaume wawili watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi, kama kawaida ya benchi lile. Fundi alikuwa na misumari mdomoni na kiatu kimepakatwa kwenye paja la mguu mzima.

"Shemeji," alisema bila kuinua kichwa. "Umepotea njia, au njia ndiyo imekupoteza?"

"Sijapotea."

"Umeleta viatu?"

"Sina viatu."

"Basi una maneno. Maneno hatushoni hapa."

"Nataka Jumamosi uje ukae kwenye gari. Nitaendesha mimi."

Fundi alitema misumari kiganjani, mmoja mmoja. "Nyumba yenu ilichukua mguu wa kwanza kwa gari. Sasa mmeukumbuka wa pili?"

Benchi lilicheka. Dobi aliliacha licheke mpaka likaona haya lenyewe.

"Sikuja kuomba radhi na sikuja kubishana," alisema. "Kuna kitu nimekiona kwa macho yangu. Nikikueleza kwa mdomo utasema mke anamtetea mumewe."

"Nitasema hivyo, ndiyo."

"Lakini mimi sikumtetea, shemeji. Huku nje nilipiga kelele. Ndani nilimuuliza swali lilelile lako. Nilimuuliza, kweli ulikata? Akafa bila kunijibu."

Fundi aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Miaka yote alikuwa amemchukia mwanamke huyu kwa jambo moja: kwamba alimwamini mumewe.

"Na wewe pia?" aliuliza.

"Na mimi pia."

Aligonga msumari mmoja, akaukosa, akaugonga tena. "Jumamosi saa ngapi?" alisema.

Jumamosi fundi alikuja uwanjani na mguu wake wa bandia na shati lililopigwa pasi. Msusi alijaribu kumshika mkono kumsaidia kupita kwenye sabuni, akaambiwa amsaidie mwenye shida. "Mkiniua," fundi alimwambia Taratibu akijifunga mkanda, "wenye viatu vyao waende wachague wenyewe, na yule mwenye buti jekundu mwambieni halifai, alitupe." Lakini mkono wake ulikuwa umeushika mlango kwa nguvu. Hakuwa amepanda kiti cha mbele tangu siku ile.

Taratibu alichomoa fyuzi, akasimama nje kando ya ukuta. Dobi alizunguka mwisho wa uwanja, akaja.

"Tazama mikono yangu," alisema. "Usitazame pipa."

Kwenye mstari alikanyaga na kukata. Gari likateleza mbele limenyooka, kimya, na pipa likaja, likaja, likaja, likagongwa. Fundi alitoa sauti ndogo kifuani. Dobi akaanza kuurudisha usukani.

"Usitoe mikono," fundi alisema.

Dobi akatulia. Kwa kuukata usukani mpaka mwisho, mkono wake wa kushoto ulikuwa umepita juu ya wa kulia, bega limepanda, na uso wake umeinama nyuma ya kiwiko. Fundi alimtazama hivyo muda mrefu. Aliegemea mbele ili amwone kutoka upande wa kioo, akarudi, akaegemea tena.

"Hivyohivyo," alisema. "Mkono huu juu ya huu. Uso umefichwa na kiwiko. Nilimwona kupitia kioo, ni kitu cha mwisho nilichokiona. Sijamwambia mtu. Nilijua anajifunika uso. Nikasema moyoni, huyu ameshaamua kuniua, na hataki hata kunitazama."

Dobi aliibana mikono yake palepale kwenye usukani.

"Hakuwa anajifunika," fundi alisema. "Alikuwa anakata."

Alishuka mwenyewe. Alikwenda kwa magurudumu ya mbele akayashika, akapitisha kidole gumba kwenye mpira kama anavyopima soli, akatazama jinsi yalivyogeuka na akatazama mistari miwili nyuma. Ngozi na mpira vilikuwa kazi yake. Alijua kiatu kinachotembea na kiatu kinachoburuzwa havichakai mahali pamoja. Taratibu alirudisha fyuzi bila kuambiwa.

Mara ya pili, pedali ilipoanza kutetemeka na mkwaruzo ukapanda kupitia sakafu ya gari, fundi aliuhisi kwenye mguu wake mzima. Gari lilimkwepa pipa likasimama.

"Nini hicho kinachogugumia?"

"Breki zinajiachia zenyewe," Dobi alisema, "kisha zinashika. Mimi nimekanyaga tu, sijaachia hata kidogo."

"Kwa hiyo yeye angeachia, angepata kukata."

"Angeachia, angepata."

"Na hakuachia."

"Ulikuwa mbele yake, shemeji. Alikuwa anakuogopea."

Fundi aligeuza uso dirishani. Alikaa hivyo mpaka Taratibu akakaribia, akainama kwenye kioo, na fundi akamuuliza bila kumtazama kama siku ile gari lingekuwa na kitu hiki angekuwa na mguu wake.

"Siwezi kukuapia," mwalimu alisema. "Mteremko ule, mzigo ule, manyunyu. Hiki hakikaushi barabara. Kinampa dereva nafasi ya kusikiwa, hicho tu. Angekata, lingemsikia. Lingefika wapi, Mungu ndiye ajuaye."

"Nafasi ya kusikiwa," fundi alirudia, akitikisa kichwa polepole kama mtu aliyeonyeshwa jengo refu kuliko alivyodhani majengo hufika. Kisha akasema, "Tena." Dobi akazunguka uwanja tena, na tena, na kila mara gari lilipogugumia na kukata, mzee yule aliweka kiganja chake juu ya dashibodi kulipokea lile tetemeko, midomo wazi, kama anayesikiliza moyo wa mtoto tumboni.

Asubuhi moja ya wiki iliyofuata Dobi alikuwa akienda kazini kwa miguu, maana mtihani wake ulikuwa bado. Alipofika kwenye kona alisikia sauti ya fundi kabla hajakiona kibanda. Benchi lilikuwa limejaa. Fundi alikuwa amemwaga maji kwenye ubao, na kwa mkono mmoja aliburuta soli juu yake, akiigeuza huku na huku, na soli iliendelea mbele vilevile bila kujali.

"Umeona? Naigeuza, haigeuki."

"Acha soli," mmoja wa benchi alisema. "Sisi tunajua alisinzia."

"Aliyesinzia hakati usukani mpaka ukagoma."

"Nani kakwambia alikata? Mkewe?"

"Mkewe hakuwepo," fundi alisema. "Nilikuwepo mimi. Nilimwona kwa macho haya akikata. Nilikuwa tu sijui ninachokiona."

Hakuna aliyecheka. Mmoja alinyoosha mkono akaomba soli ajaribu mwenyewe. Dobi hakusimama, aliwasalimu kwa kichwa akapita, akaanza kuupanda mteremko kwa hatua zake fupi, unyayo wote chini, na alipofika juu, mahali ambapo hawakuweza kumwona tena, akamwita mumewe kwa jina lake na kumwambia kwamba amesikiwa.